Baba ana kansa ya tezi dume na gego limeoza: ang'oe au asing'oe?

Swali limetoka kwa binti mmoja wa Tanga, nalifupisha kidogo: "Shikamoo daktari. Baba yangu ana miaka 71, ana kansa ya tezi dume na imeshafika kwenye mifupa ya kiuno na mgongo. Mwaka juzi alitolewa korodani, na toka mwaka jana kila mwezi anapanda basi kwenda Ocean Road, ile hospitali ya kansa Dar, kuwekewa dripu ya mifupa. Sasa gego la chini kushoto limeoza, usiku halali, fizi imevimba na ukibonyeza kuna usaha unatoka. Kliniki ya meno ya hapa mtaani wamesema aje tu wamng'oe, dakika kumi kaisha kazi. Lakini mgonjwa mwenzie waliyekaa naye benchi huko Dar kamwambia ukiwa na hii kansa ukang'oa jino taya linaoza lote. Baba amegoma na mimi nimechanganyikiwa. Ang'oe au asing'oe? Na dripu aache kwanza?"

Marahaba mwanangu. Poleni sana, na mzee mpe pole yangu, mana jino linalouma usiku kwa mtu ambaye tayari mgongo unamuuma sio jambo dogo hata kidogo.

Nianze na jibu lenyewe halafu ntaeleza sababu. Asing'oe kesho hapo mtaani. Lakini pia asikae na hilo jino hivyo lilivyo. Na dripu msiiache wenyewe kwa kuamua nyumbani, hilo mtaongea na madaktari wake wa kansa.

Huyo mgonjwa mwenzie kasema kitu chenye ukweli ndani yake ila kakiweka vibaya. Kansa ya tezi dume peke yake haizuii mtu kung'oa jino. Wazee wengi wenye kansa hii wanang'olewa meno na kidonda kinapona kama cha mtu mwingine yeyote. Kutolewa korodani nako hakuna shida kwenye jino, wala sindano za homoni za kila mwezi au kila miezi mitatu hazimzuii mtu kung'oa. Hata kama alipigwa mionzi ya nyonga, ile haigusi taya, taya linaloharibika kwa mionzi ni la mtu aliyepigwa mionzi ya kichwa na shingo. Kitu cha kuogopa kwa baba yako ni hiyo dripu ya mifupa, na sio kwamba dripu ni mbaya, ila inabadilisha namna taya linavyopona.

Iko hivi. Mfupa wa binadamu haukai tu, kila siku kuna seli zinakula mfupa mkuukuu na nyingine zinajenga mpya. Kansa ikiingia mifupani inavuruga huo utaratibu, mifupa inauma, inavunjika kirahisi, uti wa mgongo unaweza kubanwa. Dripu inazilaza zile seli zinazokula mfupa, na kweli inasaidia, mifupa inavunjika kidogo kuliko ambavyo ingevunjika. Tatizo ni kwamba seli hizo hizo ndio zinahitajika jino likishang'olewa, mana zile kingo za shimo huwa zinakufa kidogo na lazima ziondolewe kwanza ndio mfupa mpya ujengwe, ni kama fundi huwezi kupiga plasta mpya bila kubandua ile iliyooza. Sasa seli zimelala, kingo zilizokufa zinabaki palepale, mdomoni kuna bakteria kila dakika, fizi nayo ni nyembamba, inashindwa kufunika. Unakuta mwezi wa pili unaisha na mfupa bado uko nje. Hiyo ndio wanaita taya kuoza.

Sisi madaktari tunalihesabu rasmi kuwa ni tatizo hilo pale mfupa wa taya unapoonekana, au kuna kitundu unaweza kuugusia mfupa kwa ndani, kwa zaidi ya wiki 8, kwa mtu aliyetumia dawa hizi na ambaye hakupigwa mionzi ya taya. Halijajulikana zamani sana, wapasuaji wa taya wa Marekani ndio walianza kuandika kuhusu wagonjwa wa namna hii mwaka 2003, kwahiyo kuna wataalamu wa meno waliosoma kabla ya hapo na hawakufundishwa darasani. Taya la chini linapata zaidi kuliko la juu, na gego la baba yako ni la chini.

Ila sikia hapa vizuri ili mzee asiishi na hofu kuliko inavyostahili: wengi hawapati. Kuna utafiti mkubwa ulichapishwa 2011, wanaume 1,904 wenye kansa ya tezi dume iliyoingia mifupani na isiyosikia tena matibabu ya homoni, nusu walipewa dripu ya mifupa ya asidi ya zoledroniki na nusu sindano ya denosumabu, ambayo nayo inazilaza seli hizo hizo. Taya lilipata shida kwa kama mtu 1 kati ya 100 upande wa dripu, na kama 2 kati ya 100 upande wa sindano. Hatari inapanda mtu anavyotumia dawa muda mrefu, inapanda akiwa na meno mabovu, na inapanda zaidi akishang'oa, zaidi ya nusu ya wenye tatizo hili historia yao inaanzia kwenye jino lililong'olewa. Kwahiyo ipo hatari na tunaichukulia kwa uzito, lakini "taya linaoza lote" sio kinachotokea kwa kila mtu.

Na sasa upande ambao watu wanausahau. Jino lenye usaha lenyewe ni hatari kwa mtu wa dripu. Wengi wetu tunaofanya kazi hii tunaona kwamba mara nyingi taya lilikuwa limeshaanza kuharibika chini ya jino bovu, kung'oa kukaja tu kulifunua. Mzee akigoma akakaa na usaha miezi mitatu anaweza akafika kulekule alikokuwa anakukwepa, bila kung'olewa chochote. Mwambie hivyo kwa upole, usimlazimishe, mweleze tu kwamba kukaa hivyo hivyo nako kuna hatari yake.

Kitu cha kwanza kufanya leo hii, kabla hata ya daktari wa meno: chukua daftari lake la kliniki. Fungua kurasa za kila mwezi alipoenda Dar, tafuta jina la hiyo dripu. Watakuwa wameandika kwa Kiingereza na kwa mwandiko wa haraka, tafuta neno linaloanza na herufi ZOL, pembeni yake mara nyingi kuna 4mg. Hiyo ndio zoledroniki. Kama ni sindano ya chini ya ngozi kila wiki 4, itaanza na DENO na pembeni 120mg, inaitwa pia Xgeva. Kuna nyingine ya dawa hiyo hiyo 60mg kila miezi sita, Prolia, hiyo wanapewa wale ambao mifupa imepungua nguvu kwa sababu ya matibabu ya kuzima homoni za kiume, hatari yake kwa taya ni ndogo zaidi. Ukikuta hakuna hata moja kati ya hizo, msikisie, mana kuna dripu nyingine za kundi la zoledroniki, kama pamidronati, zenye hatari hiyo hiyo kwa taya, muulizeni kwanza daktari wake wa kansa ni dawa gani. Hesabu pia ameshapata ngapi na ya mwisho ilikuwa tarehe ngapi. Nasisitiza daftari kwa sababu niliwahi kupokea mzee, kwa nje taya halikuwa hata limevimba sana, alipofungua mdomo kwenye fizi kulikuwa na kipande cha mfupa cha rangi ya manjano iliyofifia, kikavu, kina kingo zinakwaruza ulimi, hakiumi kabisa ukikigusa, na harufu. Aling'olewa jino mahali fulani miezi minne nyuma. Daftari lilikuwa mfukoni siku hiyo anang'olewa na dripu zote zimeandikwa, ila hakuna aliyelifungua, wala yeye hakujua kama ni la kuonyesha kwa mtu wa meno.

Baada ya hapo mpeleke Bombo, hospitali yenu ya mkoa hapo Tanga, kitengo cha kinywa na meno, usimpeleke kliniki ndogo. Apigwe eksirei, ikiwezekana ile kubwa inayoonyesha taya zote mbili kwa pamoja. Hapo daktari ataangalia mambo mawili, jino limeharibika kiasi gani, na mfupa unaolizunguka ukoje. Hilo la pili ni muhimu mana kansa ya tezi dume mara chache inaweza kuingia kwenye taya lenyewe. Muulize baba hivi: mdomo wa chini au kidevu upande huo kuna ganzi, au anahisi kama pamekufa, bila kuchomwa sindano ya meno? Akisema ndio, mwambieni daktari kabla ya kitu chochote, hata mswaki haujamgusa. Ganzi ya kidevu isiyo na sababu kwa mtu mwenye kansa lazima ipigwe picha, inaweza ikawa sio jino kabisa.

Kama jino bado lina ukuta wa kutosha, mimi ningependa liokolewe badala ya kung'olewa. Yaani wanatoboa juu, wanatoa uozo na usaha ndani ya mizizi, wanasafisha, wanaziba. Mfupa haufunguliwi. Hata kama kichwa cha jino kimeisha na haliwezi kutafuna tena, mizizi inaweza kusafishwa, kuzibwa na kuachwa ndani, kichwa kikakatwa usawa wa fizi. Watu wa kawaida wanaona ajabu kuacha mizizi lakini kwa mtu wa dripu ni njia nzuri tu. Najua bei ni kubwa kuliko kung'oa na mara nyingi inataka kurudi zaidi ya mara moja, na sio kila mahali wanafanya gego la nyuma. Uliza kwanza bima yake inalipa nini, usiikatae kabla hujauliza.

Sasa ikiwa jino linacheza, limepasuka hadi chini, au usaha umekula mfupa na mizizi haiwezi kusafishwa, litang'olewa tu na ni sawa. Hapo ndio nataka liwe mahali penye daktari aliyebobea upasuaji wa kinywa, kama Bombo watasema hawana kwa wakati huo basi unganisheni na safari ya Dar, mana mwezi hadi mwezi anaenda, Muhimbili wapo wapasuaji wa taya na wanaweza kuongea na Ocean Road moja kwa moja. Namna ya kung'oa inatofautiana na ile ya dakika kumi: anaanzishiwa antibaiotiki kabla, anasukutua na klorheksidini, jino linatolewa taratibu kwa kugawanywa mizizi kama lazima ili mfupa usivunjwevunjwe, kingo zenye ncha zinalainishwa, halafu fizi inavutwa na kushonwa ifunike shimo. Hiyo ya kushona muulizeni kabisa kabla, "daktari utashona?" mana kwingine jino likitoka wanaweka pamba na kwaheri. Antibaiotiki anamaliza siku zote alizoandikiwa hata kama uvimbe umeisha siku ya pili. Kama ana meno mabovu zaidi ya moja wasiyang'oe yote siku moja ili mtu apumzike, waanze na hilo linalouma waone kidonda kinaponaje.

Kuhusu kuacha dripu. Zoledroniki ikishaingia mfupani inakaa miaka, kwahiyo kuacha mwezi mmoja kabla ya kung'oa hakuzifanyi zile seli ziamke. Denosumabu ni tofauti, yenyewe nguvu yake inaisha ndani ya kama miezi sita, kwahiyo kuna nafasi ya kupanga tarehe. Kinachofanyika mara nyingi ni kwamba baada ya jino kutoka, daktari wa kansa anasogeza dozi inayofuata mpaka fizi ifunge, au anaangalia kama mzee anaweza kupata kila wiki 12 badala ya kila wiki 4, kwa baadhi ya wagonjwa inawezekana. Lakini aamue yeye, anajua mifupa ya baba yako ikoje. Akiacha kienyeji halafu mfupa wa mgongo ukavunjika, mtakuwa na shida kubwa kuliko jino. Na kwa wale wa ile ya 60mg ya miezi sita, kuiruka ovyo kumewahi kuleta pingili za mgongo kuvunjika, msicheze nayo.

Kuna dawa nyingine za kuangalia kwenye hilo daftari. Kama yuko kwenye kemo ya dositakseli inayochomwa kila siku 21, asing'olewe katikati pale chembe nyeupe za damu, zile zinazopigana na maambukizi, zimeshuka, kwa kawaida wiki ya kwanza mpaka ya pili baada ya kuchomwa, mahali pazuri ni siku chache kabla ya dozi inayofuata, na apimwe damu kamili kwanza, ile wanaandika FBP, waangalie chembe nyeupe na chembe sahani, zile zinazogandisha damu. Kama anakunywa abirateroni basi kwa kawaida anakunywa na prednisoloni, hizo steroidi zinachelewesha kidonda na zinapandisha sukari na presha, ila zisiachwe ghafla kwa sababu ya jino, ni hatari. Kama ana enzalutamaidi asipewe tramadoli, vyote viwili vinaweza kumsogeza mtu kwenye degedege. Kama anakunywa aspirini ya moyo au dawa ya kuyeyusha damu asiache mwenyewe, damu ya jino inazuilika kwa kushona na kubana, damu ikiganda kwenye moyo au ubongo haizuiliki kirahisi hivyo. Na anayekunywa warfarini amtajie daktari, mana metronidazoli, ambayo kwa meno inaandikwa sana, inaipandisha nguvu mpaka mtu anatoka damu.

Maumivu ya usiku kwa sasa. Parasetamoli za miligramu 500, mbili kila baada ya masaa sita, zisizidi nane kwa siku, na kama amekonda sana chini ya kilo 50 au ini lina shida apunguziwe. Kama Ocean Road walishampa ile morfini ya maji aendelee nayo kama alivyoelekezwa. Nakuomba sana msinunue diklofenaki duka la dawa, hata kama jirani inamsaidia. Mzee mwenye tezi dume figo zake mara nyingi zimeshapata tabu kwa mkojo kuziba, zoledroniki nayo inapita kwenye figo, ukiongeza diklofenaki unaweza kuzimaliza. Antibaiotiki nazo msinunue nusu dozi dukani, usaha utapoa kidogo kisha urudi. Asiweke aspirini wala spiriti kwenye fizi, vinaichoma, na kwa taya kama la kwake fizi ndio nguo pekee ya mfupa. Asukutue maji vuguvugu yenye chumvi mara nne tano kwa siku, apige mswaki laini hata kama panauma, alale kichwa kimeinuka.

Siku yenyewe, mambo madogo ambayo yanamtesa mgonjwa wa mifupa kuliko hata sindano ya ganzi: aende haja ndogo kabla ya kupanda kiti, kama ana mpira wa mkojo mfuko umwagwe. Waambie wasilaze kiti chote, mgongo wake hautavumilia, nenda na mto mdogo au kanga umkunjie chini ya kiuno. Ale kwanza na anywe dawa zake za asubuhi.

Akishang'olewa, arudi kuangaliwa wiki ya kwanza, na aendelee kurudi mpaka daktari aseme fizi imefunika kabisa, sio mpaka maumivu yaishe, mana mfupa uliokufa hauumi mwanzoni. Meno ya bandia kama anayo asiyavae juu ya hapo mpaka aruhusiwe. Wewe mwenyewe kila Ijumaa mmulike kwa tochi ya simu, ukiona kitu cheupe au cha manjano kigumu kwenye shimo, kitundu kinatoa usaha, au harufu imebadilika, rudini hata kama anasema haumwi. Likiwahiwa, mara nyingi ni dawa ya kusukutua, antibaiotiki na kutoa kipande kilicholegea, mtu anaendelea na maisha yake.

Kuna ambayo hayasubiri kliniki, ni kwenda hospitali usiku huohuo: uvimbe umeshuka shingoni au chini ya ulimi, anashindwa kumeza mate au kufungua mdomo, homa na kutetemeka, hasa akiwa kwenye kemo. Na hili si la jino lakini kwa kuwa mifupa ya mgongo imeguswa lazima nilitaje, miguu ikianza kuishiwa nguvu au mkojo na choo kumtoka bila kujijua, msingoje basi la asubuhi.

Na kwa wengine mnaosoma ambao baba, mume au mjomba kaambiwa ana kansa ya tezi dume na bado hajaanza dripu ya mifupa: mpelekeni kwa daktari wa meno wiki hii. Ya kung'oa yang'olewe sasa, ya kuziba yazibwe, kidonda kipewe wiki mbili tatu kifunge ndio dripu ianze. Mara nyingi daktari wa kansa akiombwa anakubali kusubiri, labda mifupa iwe na haraka kubwa.

Mwanangu, kabla hamjaondoka nyumbani andika kwenye karatasi kwa maneno makubwa, usitegemee kukumbuka mbele ya daktari: "Mgonjwa ana saratani ya tezi dume iliyoingia mifupani. Anapata" jina la dripu na miligramu "tangu" mwezi na mwaka, "ya mwisho" tarehe, "jumla" idadi. "Dawa nyingine" zote hadi za presha. "Mionzi ya kichwa au shingo: hajapata" au "amepata". Chini yake weka namba ya simu ya kliniki yake ya kansa iliyo kwenye daftari. Mpe daktari wa meno hiyo karatasi kabla baba hajafungua mdomo, na akishasoma muulize kama yuko tayari kupiga hiyo namba kabla ya kushika koleo. Akisema haina haja, mshukuru, mchukue mzee mwende kwingine.